Fangasi wa kucha: Jina moja, magonjwa tofauti

Na Mwandishi Wetu

UKUCHA wa kidole gumba cha mguu huanza na doa dogo la njano kwenye pembe, na mwenyewe hulipuuza. Baada ya miezi kadhaa doa hilo huwa limepanda kuelekea kwenye shina, ukucha umekuwa mnene, unamung'unyika kila unapokatwa, na mhusika ameacha kuvaa viatu vya wazi mbele za watu. Hapo ndipo anapokumbuka kwenda duka la dawa.

Dukani huko jibu analopewa mara nyingi huwa ni moja, kwamba hao ni fangasi. Hununua krimu, asipopona hununua vidonge, na asipopona tena hubadilisha duka. Wapo wanaozunguka hivyo kwa miaka bila kipande cha ukucha wao kuwekwa chini ya darubini hata siku moja.

Tatizo la utaratibu huo ni kwamba fangasi wa kucha si ugonjwa mmoja. Ni jina la jumla la maambukizi kadhaa, yanayoletwa na vimelea tofauti, yanayoingia ukuchani kwa njia tofauti, na ambayo hayatibiwi yote kwa dawa ileile. Zaidi ya hapo, kwa makadirio yanayotumiwa na madaktari wa ngozi, fangasi huhusika na takriban nusu tu ya matatizo yote ya kucha. Nusu iliyobaki ni hali nyingine ambazo haziguswi kabisa na dawa za fangasi, na chache miongoni mwake ni za hatari kwa maisha.

Makala hii inaeleza aina hizo moja baada ya nyingine, namna zinavyotofautiana, na sababu ya kupima kwanza kabla ya kumeza dawa.

Ukucha unavyoota

Ukucha ni gamba gumu lililojengwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo ndiyo hujenga pia nywele na tabaka la juu la ngozi. Gamba hilo hutengenezwa kwenye shina, yaani sehemu iliyojificha chini ya ngozi pale ukucha unapoanzia. Kutoka hapo husukumwa mbele taratibu, likipita juu ya nyama laini iliyo chini yake.

Ukucha wa mkono hurefuka kwa wastani wa milimita 3 kwa mwezi, na huchukua takriban miezi 6 kuota upya wote. Ukucha wa mguu huenda kwa nusu ya kasi hiyo au pungufu, na ule wa kidole gumba unaweza kuchukua miezi 12 hadi 18.

Kasi hiyo inaeleza mambo mawili yanayowavunja moyo wagonjwa wengi. La kwanza ni kwamba hakuna dawa inayorudisha ukucha ulioharibika katika hali yake ya awali. Kazi ya dawa ni kuua vimelea ili ukucha mpya unaoota uwe salama, na ule wa zamani husogea mbele hadi ukatwe na kutupwa. La pili ni kwamba hata tiba ikifanikiwa kikamilifu, matokeo yake huonekana baada ya miezi mingi. Mgonjwa anayeacha vidonge katika wiki ya tatu kwa sababu haoni mabadiliko, huwa amekatisha tiba kabla ya wakati wake.

Makundi matatu ya vimelea

Kundi la kwanza, na lililo kubwa kuliko mengine, ni la fangasi waitwao dematofiti. Hawa hujilisha kwa keratini, na ndio wanaosababisha choa mwilini, mapunye kichwani na ule muwasho wa katikati ya vidole vya miguu. Anayeongoza kwa kushambulia kucha duniani kote ni Trichophyton rubrum, akifuatiwa na ndugu yake, Trichophyton interdigitale.

Kundi la pili ni la kandida, ambaye ni jamii ya hamira. Kandida huishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya njema bila kuwadhuru. Ndiye anayeleta utando mweupe mdomoni mwa watoto wachanga. Hugeuka kuwa tatizo la kucha pale ngozi inapolowa maji muda mrefu au kinga ya mwili inapodhoofika.

Kundi la tatu ni la aina mbalimbali za ukungu wanaoishi kwenye udongo na mimea inayooza. Miongoni mwao ni Scopulariopsis brevicaulis, Fusarium, Aspergillus, na Neoscytalidium dimidiatum ambaye hupatikana zaidi katika nchi za joto. Mara nyingi hawa huvamia ukucha ambao tayari umejeruhiwa, kwa mfano baada ya kujikwaa, kuangukiwa na kitu kizito au kubanwa na kiatu kwa muda mrefu.

Aina za maambukizi

Mwaka 1972 daktari wa ngozi, Nardo Zaias, alipendekeza maambukizi ya kucha yagawanywe kwa kuangalia mahali fangasi wanapoingilia. Mwaka 1998 madaktari Robert Baran, Roderick Hay, Antonella Tosti na Eckart Haneke waliupanua mgawanyo huo, na hadi leo ndio msingi unaotumika katika kliniki za ngozi.

Aina ya kwanza ni ile inayoanzia kwenye ncha au pembeni, na ndiyo inayoonekana mara nyingi kuliko zote. Fangasi huingia kupitia ngozi iliyo chini ya ukingo wa ukucha, kisha hupanda kuelekea kwenye shina. Ukucha hugeuka njano au kahawia, huachana na nyama iliyo chini yake, na kati yao hujikusanya ungaunga mkavu.

Kwa kawaida chanzo cha aina hii ni fangasi wa miguu walioachwa bila kutibiwa. Muwasho wa katikati ya vidole au magamba ya nyayoni hudumu miaka, hatimaye vimelea huhamia ukuchani. Daktari mzoefu atamwomba mgonjwa avue viatu vyote viwili na aonyeshe pia viganja, kwa kuwa Trichophyton rubrum ana tabia ya kushambulia miguu yote miwili pamoja na mkono mmoja tu, huku mkono wa pili ukibaki salama.

Aina ya pili ni ya weupe wa juu. Hapa fangasi huingia moja kwa moja kwenye uso wa gamba, na kuacha mabaka meupe kama chokaa ambayo hukwanguka kwa urahisi. Mara nyingi mhusika ni Trichophyton interdigitale. Kwa kuwa vimelea wako juu, aina hii ndiyo nyepesi kutibu, na yaweza kutosha kukwangua mabaka hayo na kupaka dawa. Hata hivyo, wanaoacha rangi ya kucha kwa wiki nyingi mfululizo wanaweza kukuta mabaka kama hayo wanapoifuta, ambayo si fangasi bali ni ukavu wa tabaka la juu la ukucha. Hayo huondoka yenyewe ukucha ukipumzishwa.

Aina ya tatu ni ile inayoanzia kwenye shina. Fangasi huingia kupitia ngozi inayofunika mwanzo wa ukucha, na doa jeupe huonekana karibu na ile sehemu yenye umbo la mwezi mwandamo, kisha husonga mbele kadiri ukucha unavyoota. Kwa watu wenye kinga imara aina hii ni nadra. Tangu miaka ya 1980, madaktari wa ngozi wameitambua kuwa miongoni mwa dalili zinazoweza kuashiria maambukizi ya Virusi vya Ukimwi (VVU) ambayo mhusika hajayajua.

Dalili hiyo pekee haithibitishi kuwa mtu ana VVU. Weupe wa shina unaweza kuletwa pia na jeraha, na wapo wenye aina hii ambao kinga yao haina dosari yoyote. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kupima, hususan weupe unapojitokeza kwenye kucha kadhaa kwa wakati mmoja, ni sababu ya kutosha ya kupima mapema, maana anayeanza dawa za kufubaza virusi mapema huishi maisha marefu yenye afya.

Aina ya nne hukaa ndani ya gamba lenyewe. Ukucha huwa mweupe kama maziwa na hubanduka tabaka kwa tabaka, lakini hauachani na nyama wala hauna ungaunga chini yake. Wanaohusika zaidi ni Trichophyton soudanense na Trichophyton violaceum, ambao ni miongoni mwa vimelea wanaoleta mapunye kwa watoto barani Afrika. Kwa sababu hiyo, mzazi mwenye ukucha wa namna hii hana budi kuangalia pia vichwa vya watoto nyumbani, kwani tiba ya mtu mmoja haitoshi iwapo chanzo kingali ndani ya nyumba.

Aina ya tano ni ya kandida, na tofauti na zilizotangulia, hupenda zaidi kucha za mikono. Waathirika wakubwa ni wale ambao mikono yao hushinda majini, kama mama lishe, wafua nguo, wauza samaki na waosha vyombo hotelini. Kwanza ngozi inayozunguka ukucha huvimba, huwa nyekundu au nyeusi zaidi ya kawaida, huuma, na ule utando mwembamba unaoziba mwanya kati ya ngozi na ukucha hutoweka. Baadaye ukucha huota ukiwa na mabonde ya kukatiza upana wake.

Siku hizi wataalamu huona kuwa uvimbe huo wa muda mrefu huanza kwa ngozi kuchubuliwa na maji na sabuni, na kandida hufuata kupitia mwanya ulioachwa wazi. Maana yake ni kwamba dawa ya fangasi peke yake haitamponya mtu ambaye anaendelea kulowesha mikono kutwa nzima. Glavu za mpira, zikivaliwa juu ya glavu za pamba ili jasho lisikae, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Aina ya mwisho ni kuharibika kwa ukucha wote. Huu si mlango wa sita wa fangasi, bali ni hatua ambayo aina nyingine zote huweza kuishia zisipotibiwa. Ukucha hubomoka, na kinachobaki ni kisiki kinene juu ya nyama iliyosinyaa. Hata vimelea wakiuawa katika hatua hii, si kila ukucha huota tena ukiwa na umbo lake.

Magonjwa yanayofanana na fangasi

Ukucha una njia chache za kuonyesha kuwa unaumwa. Hubadilika rangi, hunenepa, huvunjika au huachana na nyama. Ndiyo maana magonjwa tofauti kabisa hufanana machoni.

Soriasis, ugonjwa wa ngozi usioambukiza, hunenepesha kucha na kuzitenganisha na nyama kama fangasi wafanyavyo. Tofauti yake ni kwamba mara nyingi huacha vishimo vidogo vidogo juu ya ukucha, mfano wa uso wa mtondoo, na mgonjwa huweza kuwa na magamba kwenye viwiko, magoti au kichwani. Ukucha wa kijani kibichi kwa kawaida ni kazi ya bakteria waitwao Pseudomonas, ambao dawa za fangasi haziwadhuru. Viatu vinavyobana na ukimbiaji wa masafa marefu huacha weusi wa damu iliyovilia. Hina na piko nazo hubadili rangi ya kucha na kufunika dalili ambazo zingeonekana mapema.

Jambo linalohitaji uangalifu wa pekee ni utepe mweusi au wa kahawia unaokwenda kwa urefu wa ukucha, kutoka shinani hadi kwenye ncha. Kwa watu weusi tepe za namna hii ni za kawaida sana, hasa zinapokuwa kwenye kucha kadhaa na kuongezeka kadiri umri unavyosonga. Lakini utepe ulio kwenye ukucha mmoja tu, unaopanuka, wenye kingo zisizo sawa, au ambao weusi wake umevuka na kuingia kwenye ngozi inayozunguka ukucha, unaweza kuwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma.

Mfano unaojulikana duniani ni wa mwanamuziki Bob Marley. Kidonda cha kidole gumba cha mguu, ambacho awali kilihusishwa na kuumia katika mpira wa miguu, kilibainika mwaka 1977 kuwa melanoma. Ugonjwa ulisambaa mwilini, na alifariki dunia mjini Miami Mei 11, 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Saratani ya aina hiyo haisababishwi na kuumia wala na jua. Kwa watu weusi melanoma hujitokeza zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, sehemu ambazo watu wengi hawazichunguzi.

Kipimo kinavyofanyika

Kipimo cha awali ni rahisi na hakihitaji mitambo ya gharama kubwa. Mtaalamu hukata ukucha, kisha hukwangua ungaunga ulio chini yake, karibu na mpaka wa sehemu iliyoathirika na ile nzima, maana huko ndiko vimelea walio hai hukaa. Ungaunga huo huwekwa kwenye kemikali ya potasiamu haidroksaidi inayoyeyusha keratini, na kilichobaki huangaliwa kwa darubini. Nyuzi za fangasi zikionekana, jibu linapatikana siku hiyohiyo.

Darubini huonyesha kuwa fangasi wapo, lakini haisemi kwa uhakika ni aina gani. Kwa hilo sampuli huoteshwa maabara, kazi inayochukua kwa kawaida wiki 2 hadi 4. Njia nyingine ni kupeleka kipande cha ukucha kwa mtaalamu wa patholojia, na maabara chache zina kipimo cha vinasaba.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Anatakiwa kufuta rangi ya kucha kabla ya kwenda, na kumweleza mtaalamu dawa zote alizokwisha kupaka au kumeza, kwani dawa zilizotumika wiki za karibuni huweza kuficha vimelea na kuleta jibu la uongo. Aidha, jibu moja la kuwa hakuna fangasi halifungi mjadala. Sampuli ikichukuliwa juu juu vimelea huweza kukosekana, hivyo daktari akiwa bado na shaka atarudia kipimo.

Hapa nchini huduma hizi hutafutwa katika kliniki za ngozi za hospitali kubwa. Mjini Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Kwa hiyo hata katika hospitali isiyo na daktari bingwa, yafaa mgonjwa aulize iwapo yupo ofisa tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi.

Dawa kulingana na kimelea

Kwa dematofiti, dawa inayotangulizwa ni terbinafini ya kumeza. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 250 kwa siku, kwa wiki 6 iwapo ni kucha za mikono na wiki 12 iwapo ni za miguu. Katika majaribio yaliyotumika kuiidhinisha nchini Marekani mwaka 1996, asilimia 70 ya wagonjwa wa kucha za miguu walikutwa hawana tena vimelea, lakini waliopata pia ukucha safi kabisa walikuwa asilimia 38. Takwimu hizo zinaonyesha kuwa dawa inafanya kazi, na pia kwamba hata dawa iliyo bora haimhakikishii kila mtu ukucha mpya.

Kwa kandida, terbinafini haina nguvu kubwa. Hapo madaktari huelekea kwenye itrakonazoli au flukonazoli. Kwa ukungu wa kundi la tatu hali ni ngumu zaidi, na Neoscytalidium dimidiatum anajulikana kwa kutosikia dawa nyingi za kawaida. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kumaliza dozi mbili za terbinafini bila nafuu yoyote, na tatizo lisiwe uzembe wake bali kimelea ambaye hakutambuliwa mapema.

Dawa za kupaka, zikiwamo zile za mfano wa rangi ya kucha zenye amorolfini au siklopiroksi, husaidia pale maambukizi yanapokuwa ya juu au machache na hayajafika kwenye shina. Krimu ya kawaida ya choa haipenyi gamba la ukucha kiasi cha kutosha. Kwa sababu hiyo wengi huipaka kwa miezi na kuona ngozi ya mguu ikipona, huku ukucha ukibaki vilevile na baadaye kuiambukiza ngozi upya.

Ipo dawa moja ambayo msomaji anapaswa kuikumbuka kwa jina. Vidonge vya ketokonazoli vilitumika kwa miaka mingi kutibu fangasi wa kila namna. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilichukua hatua dhidi yake kutokana na madhara makubwa kwenye ini. Ulaya ilipendekeza visitumike tena kutibu fangasi, na Marekani ikaeleza kuwa visitumike kabisa kwa fangasi wa ngozi na kucha. Mwaka 2016 Marekani ilirudia onyo hilo baada ya kuripotiwa kifo cha mgonjwa aliyepewa vidonge hivyo kwa ajili ya kucha. Onyo hilo haligusi krimu wala shampuu ya ketokonazoli.

Hata dawa zilizo salama zaidi zina masharti. Terbinafini haifai kwa mwenye ugonjwa wa ini, na ni desturi kupima ini kabla ya kuanza. Itrakonazoli haipewi mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi vyema, na hugongana na baadhi ya dawa za kushusha lehemu na za kufubaza VVU. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huziondoa mwilini haraka dawa hizi zote mbili na kuzipunguzia nguvu. Mjamzito kwa kawaida hushauriwa kusubiri hadi ajifungue, kwa kuwa fangasi wa kucha si ugonjwa wa dharura.

Kuhusu kupaka tindikali ya betri, mafuta ya taa au dawa ya kung'arishia nguo, hapana haja ya maelezo marefu. Vitu hivyo huunguza ngozi na kufungua mlango kwa bakteria, ilhali fangasi hubaki salama chini ya gamba.

Wenye kisukari wasisubiri

Kwa mtu mwenye afya njema, fangasi wa kucha ni kero na fedheha zaidi kuliko hatari. Kwa mgonjwa wa kisukari mambo ni tofauti. Ukucha mnene hukandamiza ngozi ndani ya kiatu, na kingo zake kali huchana kidole cha jirani. Iwapo mishipa ya fahamu imekwisha kufa ganzi, mgonjwa hahisi maumivu, na kidonda hugundulika kikiwa kimeoza. Damu isipofika vyema miguuni, kidonda hicho huweza kuishia kwa kukatwa kidole au mguu.

Kwa hiyo mwenye kisukari hatakiwi kujikata mwenyewe ukucha ulionenepa kwa wembe, bali aupeleke kliniki. Anashauriwa kukagua miguu yake kila siku, ikiwamo katikati ya vidole, na asiyeweza kuinama au kuona vizuri amwombe mtu wa nyumbani.

Kujikinga

Kinga ya kwanza ni kutibu fangasi wa miguu mapema, kabla hawajafika ukuchani. Baada ya kuoga, kausha katikati ya vidole. Badilisha soksi kila siku, na wanaovaa buti au viatu vya kufunika kutwa nzima, kama askari na mafundi, wawe na jozi mbili za kupokezana ili moja ikauke. Katika mabafu ya hosteli na ya nyumba za kupanga, vaa kandambili zako mwenyewe.

Kinga ya pili inahusu vifaa. Mkasi, kikata kucha na tupa havifai kuazimana hata ndani ya familia. Kwenye saluni, na kwa vijana wanaopita mitaani wakisafisha na kupaka rangi kucha, mteja ana haki ya kuuliza kifaa kimesafishwaje baada ya mtu aliyetangulia, au aende na vyake. Ni vyema pia kukataa kukatwa au kusukumwa ile ngozi ya shina, kwani ndiyo kizibo cha asili kinachozuia vimelea kuingia.

Kinga ya tatu ni kuzuia marudio. Miongoni mwa wanaopona, wapo ambao fangasi huwarudia, na mara nyingi hutoka kwenye viatu vilevile vya zamani au kwa ndugu wa nyumba moja ambaye hakutibiwa.

Msomaji mwenye ukucha unaomtia shaka anaweza kuanza na hatua ndogo isiyo na gharama. Afute rangi, apige picha ya ukucha huo kwa simu, na arudie baada ya mwezi mmoja ili aone kama doa linapanda au linasogea mbele pamoja na ukucha. Doa linalosogea mbele na kwisha huenda lilikuwa jeraha tu. Linalopanda lipelekwe kliniki likapimwe kabla ya dawa yoyote. Na utepe mweusi ulio kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka, hauhitaji kusubiri mwezi, bali uonyeshwe kwa daktari wiki hiyohiyo.